Maji ya Goma Yanachemka kwenye Tisini na Tano

Masika mwanangu,

Ni saa kumi ya mchana. Umekwenda kumuaga shangazi yako, na mimi nimejifungia chumbani na daftari la shule, kwa sababu kuna jambo ambalo nimeshindwa kukuambia tukitazamana. Mambo ya blanketi, dawa ya malaria na karatasi za kujiandikisha sitayagusa. Mama yako amekwisha kuyasema mara tatu, na ya nne ataisema kesho mlangoni.

Juzi ulinionyesha barua uliyowaandikia wakubwa wa chuo cha ualimu huko Bukavu. Uliandika kwamba unataka kufundisha fizikia kama baba yako, kwa sababu baba yako anapenda ukweli. Nilikurudishia karatasi, nikasema imeandikwa vizuri, kisha nikatoka nje. Baadaye nilisikia ukimuuliza mama yako kama nimekasirika. Sikukasirika, Masika. Niliona haya. Kuna mtu mmoja hapa Goma ambaye angesoma maneno yale angecheka, na angekuwa na haki. Unamjua. Ni Kahindo, yule mama anayetengeneza kokoti, zile sufuria za mvuke, karibu na soko la samaki la Kituku. Kila ukipita anakuita "mwalimu mudogo", nawe unadhani ni utani tu.

Kabla ya kuwa fundi, Kahindo alikuwa mwanafunzi wangu. Wewe ulikuwa na miaka saba hivi, ndiyo kwanza unajua kuandika jina lako. Yeye alikuwa na kumi na saba. Alitoka Mugunga kwa miguu kila asubuhi, viatu vyeusi kwa vumbi la mawe ya mlima wa moto, na hakuchelewa. Mama yake aliuza samaki Kituku. Darasani alikaa karibu na dirisha, hakuongea sana, ila akishika swali hakuliachia.

Mwaka ule shule ilipata kipimajoto kimoja cha maabara. Kimoja, kwa shule nzima. Nilikitunza kabatini kama kikombe cha misa. Nilikuwa nimefundisha somo la kuchemka kwa miaka mingi kwa kuandika ubaoni tu: maji safi yanachemka kwenye digri mia moja. Wanafunzi walinakili, nami nikafuta. Sasa nilitaka waone kwa macho. Nilileta mbabula, lile jiko la mkaa la nyumbani, na makala yake, na sufuria ndogo ya mama yako. Nikamwita Kahindo asome kipimo, kwa sababu macho yake yalikuwa mazuri.

Maji yalianza kutoa povu dogo pembeni, kisha yakachemka kweli, yakawa yanaruka.

"Soma," nikasema.

"Tisini na tano, Prof."

"Ngoja. Bado."

Tukangoja. Nikaongeza makala, nikapepea. Mvuke ulijaa darasa, maji yakapungua.

"Soma."

"Tisini na tano."

Niliinama mwenyewe nikaona. Tisini na tano, haipandi hata nukta. Darasa zima likanitazama. Nikasema kipimo ni kibovu, kimeharibika njiani, na kwamba jibu ni mia moja kama ilivyoandikwa. Nikadhani yamekwisha.

Kesho yake Kahindo alikuja na mfuko wa plastiki wenye barafu, ile wanayowekea samaki kule Kituku. Alikuwa ameibeba huku inamdondokea kwenye sketi. Akaomba tuweke kipimo ndani ya barafu inayoyeyuka. Sikuweza kukataa mbele ya wenzake. Tuliweka. Kikashuka mpaka zero, kikasimama pale pale.

"Prof, kipimo ni kizima," akasema. "Ni maji ya kwetu ndiyo inachemka mbele ya mia. Sijue juu ya nini."

Hakusema kwa dharau. Alikuwa anacheka kidogo, jinsi mtu anavyocheka akiona kitu kipya. Angalia nilichofanya, mwanangu. Nilimwambia ametia chumvi kwenye maji ya jana ili kunichezea, na kwamba ni mwongo. Hata hilo la chumvi lilikuwa upuuzi, maana chumvi inachelewesha kuchemka, haiwahishi. Lakini nilikuwa nimesimama, na wao wamekaa, kwa hiyo neno langu lilipita. Wenzake wakacheka. Yeye akafunga ule mfuko, akaenda kukaa.

Mwisho wa mwaka niliweka swali hilo kwenye mtihani. Maji yanachemka kwenye digri ngapi? Kahindo aliandika: "Kitabuni ni mia moja. Goma ni tisini na tano. Sijui kwa nini." Nilimpa zero kwa biki nyekundu, na pembeni nikaandika neno moja: Kiburi.

Sasa nafika penye ugumu. Ningependa uamini kwamba sikujua, na kwa miaka mingi nilijiambia hivyo. Lakini jioni ile ile nilifungua kitabu changu cha kufundishia, kurasa nne tu mbele ya lile somo, na pale imeandikwa wazi. Hewa ina uzito, na inakandamiza uso wa maji. Maji yanachemka pale ambapo mvuke ulio ndani yake unapata nguvu ya kusukuma hewa hiyo na kutengeneza mapovu. Penye mwinuko kama hapa kwetu, hewa iliyo juu yetu ni kidogo, mzigo ni mwepesi, kwa hiyo mapovu yanatoka mapema. Ile mia moja ni ya watu wa kando ya bahari. Nilikuwa nimeyafundisha maneno haya kwa miaka, Masika, na hata siku moja sikuwahi kuyapeleka kwenye sufuria ya nyumbani kwangu. Ndiyo maana maharagi ya mama yako yalikuwa yanakaa motoni kutwa. Akiongeza makala, maji yanaruka zaidi na yanaisha haraka, lakini joto haliongezeki.

Pointi zilikuwa bado kwangu. Nilikuwa na siku mbili kabla ya kuzipeleka kwa prefe, mkuu wa shule. Siku mbili. Kusahihisha zero ile kulitaka mstari mmoja wa biki. Sikuuchora. Niliwaza darasa lililonisikia nikimwita mwongo, nikawaza walimu wenzangu, nikafunga kitabu. Nikapeleka pointi zilivyo.

Zile pointi zilimwangusha. Alikosa kidogo sana, ikabidi arudie mwaka. Baba yake mdogo, ambaye ndiye alikuwa anamlipia, akasema hawezi kulipia darasa moja mara mbili. Mwezi wa tisa nafasi ya karibu na dirisha ilikaliwa na mtoto mwingine. Niliuliza mara moja tu. Wakaniambia ameolewa. Nikafungua daftari la majina, nikaendelea.

Miaka ikapita. Nilirekebisha somo langu kimya kimya. Nikaanza kusema "mia moja kando ya bahari, kwetu ni chini ya hapo", kama mtu aliyejua tangu zamani. Wanafunzi wapya walinisifu.

Ile kokoti yetu unaikumbuka ilivyokuja. Barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa, makala yakawa shida, na mama yako akanunua kokoti iliyokwisha kutumika kwa jirani aliyekuwa anahama. Ulifurahi kuliko sisi sote, maana wewe ndiye ulikuwa unakaa na maharagi. Baada ya miezi ikaanza kuvuja mvuke. Mama yako akalalamika kwamba makala yanapotea bure. Mimi, mwalimu wa fizikia, nikaugeuza mfuniko, nikaona tundu dogo la pembeni ambalo lilikuwa linapumua, nikaliziba kwa kipande cha waya na gundi ya chuma. Nilijisifu siku hiyo. Lakini mvuke ukaanza kutoka kwa nguvu kwenye mpira wa mfuniko, ambao ulikuwa umezeeka. Nikatafuta mpira mpya madukani, nikakosa. Jirani akaniambia kuna mama fundi Kituku.

Nilimkuta amekaa kwenye kibao, kokoti sita za watu zimepangwa mbele yake, mikono imejaa masizi. Sikumtambua. Yeye alinitambua kabla sijafika.

"Prof Kasereka," akasema.

Nikasimama.

"Ni miye Kahindo. Wa Mugunga."

Nikasema nimekuja kwa ajili ya mpira. Akanyoosha mkono akaipokea kokoti. Alitoa kile kizito cha juu kinachoimba, akaweka mdomo kwenye tundu lake, akapuliza. Hewa haikupita. Akachokoa kwa sindano, akatoa ganda la haragi lililokauka. Kisha akageuza mfuniko na kidole chake kikasimama pale nilipoziba.

"Ni nani aliziba hapa?"

"Ni mimi."

"Juu ya nini?"

"Ilikuwa inavuja. Makala inaisha bure."

Hakunikaripia. Aliniambia nikae, akanieleza polepole, kama anavyomweleza kila mteja, nami nikamsikiliza kama wateja wengine. Akasema kokoti ni sufuria inayoufungia mvuke mlango. Mvuke ukikosa pa kutokea unarudi kukandamiza maji, na maji yakikandamizwa hivyo hayawezi kuchemka kwenye tisini na tano yetu. Yanangoja, yanapanda, yanapita mia, yanapita hata mia na kumi, na maharagi yanaiva kwa muda wa misa moja. Kile kizito cha juu ndicho kinaachia mvuke uliozidi. Kikizibwa kwa ganda au kwa povu, kuna njia ya pili, ile ndogo ya pembeni, ambayo inafunguka yenyewe kabla chuma hakijapasuka.

"Njia ya kwanza iliziba yenyewe," akasema. "Ya pili uliziba weye. Sasa mvuke ingepitia wapi?"

"Kwenye mpira."

"Ee. Hii mpira iliyochoka ndiyo iliwaponyesha. Kama ungepata ingine mupya huko madukani, ukaiweka..." Hakumaliza. "Nyumbani ni nani anakaaka karibu na kokoti?"

"Mama. Na mutoto wangu, Masika."

"Iko na miaka ngapi?"

"Kumi na saba."

Aliweka mfuniko chini. "Miye pia nilikuwa na kumi na saba," akasema.

Masika, asubuhi ile ile ulikuwa umeinama juu ya kokoti hiyo, sikio karibu, ukisikiliza kama imeanza kuimba. Mimi nilikuona nikapita. Nikiwa nimekaa pale Kituku nikilikumbuka hilo, nilisema lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama yako.

"Kahindo, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba uko na haki. Niliona kitabuni mbele ya kupeleka pointi. Nilikuwa na siku mbili."

Alikuwa ameshika sindano. Akaiweka. Mwanamke mmoja alikuja kuuliza kokoti yake, Kahindo akamwambia angoje, bila kumtazama.

"Miye nilikuwa najisemea Prof hakujua," akasema. "Ni mutu, mutu anakoseaka. Nilikuachilia kwa ile. Siku nyingi nilikuachilia." Sauti yake haikupanda. "Sasa umenirudisha nyuma. Enda kwanza. Kokoti utaitwaa kesho."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, mkanikuta nimekaa uani, nikawaambia fundi ana kazi nyingi. Nilikuwa nimetegemea kwamba nikisema, mzigo utashuka. Haukushuka, na yeye nilimwongezea. Hili nilijifunza kwa kuchelewa. Ukimkosea mtu, hata kukiri kwako kunaweza kumuumiza, na bado huna ruhusa ya kukaa kimya.

Kesho yake kokoti ilikuwa tayari, njia zote mbili zimefunguliwa, mpira mpya umewekwa. Nikaanza kuomba radhi. Akanikata.

"Radhi yako siitake hapa sokoni. Uliniita muongo mbele ya darasa. Uende mbele ya darasa."

Nilikwenda kwa prefe. Nilimweleza yote na nikaomba Kahindo aje kufundisha somo la kuchemka, pamoja nami. Alinitazama kana kwamba nina homa. "Kasereka, unataka kutuvunjia heshima sisi sote? Watoto watamuheshimu tena nani?" Nilimwambia kama hataki, nitawapeleka wanafunzi Kituku mmoja mmoja, na kila mmoja nitamweleza sababu. Sijawahi kumjibu mkubwa namna hiyo, kabla yake wala baada yake. Akakubali kutupa saa moja tu.

Kahindo alikuja na kitenge kipya, kokoti kichwani na mfuko wa barafu mkononi. Nilisimama mbele ya wanafunzi nikawasimulia kama nilivyokusimulia wewe, pamoja na zile siku mbili. Karatasi yake ya mtihani nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeitunza miaka yote, sijui kama ni kwa toba au kwa woga. Nikaichukua, nikachora mstari juu ya zero, nikaandika pointi zote, nikalifuta lile neno la pembeni. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Prof, sasa mama atapewa diploma yake?"

Niliiweka biki mezani.

"Hapana," nikasema.

"Juu ya nini?"

Kahindo ndiye aliyeniokoa, kama lile ni kuokoa. "Endelea na somo, Prof," akasema, akawasha mbabula.

Alifundisha vizuri kuliko mimi. Walipima barafu, wakapima maji, wakasoma tisini na tano, wakapiga kelele. Mwishoni alikunja ile karatasi mara nne, akaiweka kifuani. Nilimwambia anaweza kujiandikisha mtihani wa serikali kama mtu aliyejisomea mwenyewe, na kwamba nitamsaidia kila jioni. Akakataa. Ana watoto watatu, ana kazi yake, na kazi anaipenda. "Ile ya kuwa na diploma ilipita," akasema. Hakusema kwa uchungu wala kwa kunifariji. Ilikuwa habari tu. Alichotaka ni kuja kila mwaka kutoa somo hilo, nami nikaahidi.

Usidhani basi kwamba nilikuwa mtu mpya. Mwaka jana siku ya somo lake inspekta alifika ghafla. Niliogopa kuonekana na fundi wa sokoni darasani. Nilimtuma mlinzi wa geti amwambie aje siku nyingine. Alikuwa amefika, kokoti kichwani, jua likiwaka. Alimsikiliza mlinzi, akageuka. Wiki nzima sikulala vizuri, kisha nikaenda Kituku. Hakuacha kazi yake. "Mara ya pili, Prof," alisema, basi.

Ndiyo maana nakuandikia. Siku moja utasimama mbele ya watoto hamsini, na mmoja atakuletea namba ambayo siyo ya kitabu chako. Labda atakuwa amekosea. Rudisha maji motoni, upime naye, mbele ya wote. Kama umekwisha kusema neno baya, jua kwamba utapewa siku mbili zako, na zitaonekana ndogo. Mimi zangu zimechukua miaka kumi na miwili na bado sijazimaliza. Sitaki uogope kukosea, mama. Nilikosea mbele ya sufuria na hilo lingeisha siku ile ile. Lililobaki ni nilichofanya baada ya kujua.

Sasa lile la mwisho, ambalo mama yako analijua tangu asubuhi na hajaniongelesha tangu hapo. Boti lako lilikuwa la Jumamosi. Wamebadilisha siku, linaondoka kesho asubuhi saa moja na nusu. Na kesho, saa moja na nusu, ni somo la kuchemka. Kahindo amekubali kuja kwa mara moja hii. Prefe hana nafasi nyingine, na hata angekuwa nayo nisingemtuma tena mlinzi getini.

Kwa hiyo bandarini sitakuwepo. Utaingia kwenye boti huku mama yako na shangazi yako wamesimama pale, na watu watauliza baba yuko wapi. Waambie yuko kazini. Ukinikasirikia kuanzia hapa hadi kisiwa cha Idjwi, nitaelewa, na ukinikasirikia hadi Bukavu pia nitaelewa. Nimekulea miaka kumi na tisa, na hakuna asubuhi niliyotamani kuwa mahali pengine kama hiyo ya kesho.

Nitakupa barua hii mkononi mwako jioni hii, kabla ya chakula, ili uniulize chochote unachotaka ukiwa bado mezani kwangu. Usinihurumie katika maswali. Kesho nitatoka nyumbani kabla yako, giza likiwa bado, na mbabula mkononi. Nitafungua mlango wa chumba chako nikutazame. Ukiwa macho, sema kitu.

Baba yako, Kasereka
Keshero, Goma